Mashine, kifaa cha meno, uzito au kisu: kuchagua tiba ya kukatika pumzi usingizini

Mtu akishaambiwa kwamba pumzi zake hukatika usingizini, ushauri humiminika kutoka kila upande. Daktari wa kifua anataja mashine. Daktari wa meno ana kifaa chake. Shangazi anasema kitambi ndicho kiini cha yote. Jirani anamjua mtu aliyefanyiwa upasuaji na tangu siku hiyo hakoromi. Kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli, ila kweli ya mgonjwa fulani na si ya kila mgonjwa. Mwenye shida anabaki na ripoti mkononi, hajui aanzie wapi, na miezi inapita bila tiba yoyote.

Hapa tunazungumzia aina ya apnea ya usingizi, yaani huku kukatika kwa pumzi, iliyo ya kawaida zaidi, ile ya koo kuziba. Ukilala, misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, kaakaa laini linashuka, na njia ya hewa inafungwa. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unamshtua mtu nusu macho, anavuta hewa kwa kishindo, kisha anazama tena usingizini. Asubuhi hakumbuki kitu, ila kichwa kinamuuma na saa nne ofisini anasinzia. Ipo aina nyingine ambayo koo liko wazi ila ubongo wenyewe hautoi amri ya kupumua. Hiyo ina njia yake ya matibabu na haimo katika ulinganisho huu.

Kwanza kipimo, kisha vigezo

Usilinganishe tiba kabla ya kupimwa. Kukoroma peke yake hakutoshi kukuambia hali yako. Wapo wanaokoroma kwa nguvu na pumzi zao ziko salama, na wapo wanaokoroma kidogo huku oksijeni ikiporomoka usiku kucha. Kipimo cha usingizi hufanywa hospitalini kwa kulala umeunganishwa nyaya, au nyumbani kwa kifaa kidogo cha kuvaa usiku mmoja au zaidi. Kwenye ripoti tafuta herufi AHI. Hiyo ni idadi ya mara ambazo pumzi hukatika au hupungua sana, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi, katika saa moja ya usingizi. Kwa mtu mzima, 5 hadi 14 huhesabiwa kuwa hali ndogo, 15 hadi 29 ya wastani, na 30 kwenda juu ni kali. Angalia pia oksijeni ilishuka hadi wapi, na kama tatizo linazidi ukilala chali.

Tiba zote zilizo hapa chini nimezipima kwa mambo manne. La kwanza ni nguvu: inashusha AHI kiasi gani. La pili ni maisha nayo usiku hadi usiku. La tatu ni gharama na upatikanaji, ikiwa ni pamoja na gharama zinazoendelea baada ya kununua. La nne ni nani inamfaa na nani haimfai.

Watu wengi husoma la kwanza na kuishia hapo. Lakini hebu tupige hesabu ya mfano. Mtu ana AHI ya 40 na analala saa 7. Bila tiba, pumzi zake hukatika mara 280 kwa usiku. Anapewa mashine inayomshusha hadi 3 kwa saa, lakini anaivua baada ya saa 3 kwa sababu barakoa inamkera. Kwa saa hizo 3 pumzi zimekatika mara 9, na kwa saa 4 zilizobaki mara 160. Jumla 169. Mwenzake mwenye hali ileile amepewa kifaa cha meno kinachomshusha hadi 18 tu, lakini hakivui hadi asubuhi: mara 126. Yule wa kwanza angeivaa mashine yake usiku mzima, angekuwa na mara 21 tu. Kwa hiyo swali la pili lina uzito sawa na la kwanza, na hakuna daktari anayeweza kukujibia isipokuwa wewe na mwenzako wa kitandani.

Mashine ya CPAP

Kabla ya 1981, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa shimo kooni ili apumue. Mwaka huo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha katika jarida la The Lancet njia ya kusukuma hewa puani kwa shinikizo dogo lisilokatika, na hiyo ndiyo CPAP. Ni muhimu kuelewa inachofanya. Haikupi oksijeni, na haikupumulii kama zile za chumba cha wagonjwa mahututi. Inachukua hewa ya chumbani na kuipitisha kwa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji, kiasi cha kulizuia koo lisijifunge.

*Nguvu yake.* Hakuna tiba ya kawaida inayoishinda katika kushusha AHI. Kwa wengi hushuka chini ya 5, na kazi huanza usiku uleule wa kwanza. Usingizi wa mchana hupungua, na shinikizo la damu hushuka kidogo, zaidi kwa wale ambao dawa za presha zimegoma. Lakini msikilize kwa tahadhari muuzaji anayekuahidi kinga ya kiharusi. Utafiti mkubwa wa SAVE, uliotolewa mwaka 2016, ulifuatilia watu 2,717 waliokwisha kuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo. Waliopewa mashine walisinzia kidogo zaidi na hisia zao zikawa nzuri zaidi, lakini mashambulizi ya moyo na kiharusi hayakupungua. Wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 tu kwa usiku, na mjadala wa kwamba matokeo yangekuwaje kwa matumizi ya usiku mzima haujaisha.

*Usiku hadi usiku.* Hapa ndipo tiba hii huponea au hufia. Watu wengi huikataa mashine wakati kilichowakosesha raha ni barakoa. Zipo za aina tatu kuu: inayofunika pua, inayofunika pua na mdomo, na vijitundu laini vinavyokaa mlangoni mwa pua. Mwenye ndevu nyingi huvujisha hewa kwenye barakoa kubwa. Vijitundu humfaa zaidi. Mwenye nywele zilizosukwa au anayelala na kitambaa kichwani ajaribu mikanda akiwa hivyohivyo, asijaribu akiwa na kichwa tofauti na anacholala nacho. Na barakoa ijaribiwe ukiwa umelala, mashine ikiwa imewashwa, kwa sababu uso hubadilika umbo ukiwa ubavuni. Ikikubana hadi kuacha alama nyekundu asubuhi, mara nyingi kipimo si chako. Usikaze mkanda zaidi.

Bomba linalopeleka hewa kwenye barakoa, pamoja na chandarua, huwasumbua wengi. Lipitishe upande wa kichwani, chini ya ukingo wa neti, kisha chomekea neti chini ya godoro kulizunguka. Mashine yenyewe ikae nje, mahali palipo chini kidogo ya kichwa chako, ili maji yanayojikusanya bombani yasikurudie usoni.

Jambo jingine huwapata waumini mwezi wa Ramadhani, na hata wanaoamka alfajiri miezi mingine: mtu huvua barakoa kwa ajili ya daku na sala, kisha hujilaza tena bila kuivaa. Usingizi wa ndoto hujaa zaidi sehemu ya mwisho ya usiku, misuli hulegea kuliko wakati wowote, na kwa wengi hapo ndipo pumzi hukatika vibaya zaidi. Usingizi ule wa baada ya alfajiri nao unahitaji mashine.

*Gharama na upatikanaji.* Mashine mpya hugharimu mamia ya dola, na nyingine hupita elfu moja. Barakoa na machujio hubadilishwa, hasa kwenye vumbi. Uliza bima yako kwa maandishi kama inalipia mashine, kipimo, au vyote. Usiridhike na jibu la simu. Umeme ukikatika katikati ya usiku hutakosa hewa, kwa kuwa barakoa zina matundu au vali ya kutolea pumzi, lakini tiba inasimama na utaamka. Mashine nyingi zinaweza kutumia betri ya volti 12 au 24 kwa waya maalumu, hivyo hata nyumba ya sola inaweza kuimudu. Kinachokula umeme ni kile chombo cha kupasha maji kwa ajili ya unyevu. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ina unyevu, mara nyingi kinaweza kuzimwa na betri ikadumu zaidi. Kwa wa Arusha au Nairobi msimu wa baridi, pua zinaweza kukauka bila hicho.

Mashine za mtumba zipo, na bei yake hushawishi. Angalia muundo na mwaka. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita zirudishwe mamilioni ya mashine kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake iliweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa. Nambari ya mashine hukaguliwa mtandaoni kabla ya kutoa pesa.

*Humfaa nani.* Mwenye AHI ya 30 au zaidi, ambaye oksijeni yake hushuka sana, au anayesinzia kazini penye hatari. Humwia vigumu anayeogopa kufunikwa uso na anayesafiri sana mahali pasipo umeme, ingawa wengi wa hawa huzoea wakipewa wiki chache na mtu wa kuwasaidia.

Kifaa cha meno cha kusogeza taya

Hiki ni plastiki mbili zinazovaliwa juu na chini, zilizounganishwa ili taya la chini litangulie mbele kwa milimita kadhaa. Ulimi husogea nao, na nafasi nyuma yake hupanuka.

*Nguvu yake.* Hushusha AHI kidogo kuliko CPAP. Hata hivyo, tafiti zilizolinganisha hivi viwili zimeonyesha matokeo yanayokaribiana katika kusinzia mchana na shinikizo la damu, na sababu inayotajwa zaidi ni ileile ya hesabu yetu: watu hukivaa saa nyingi zaidi.

*Usiku hadi usiku.* Hakina kelele wala waya, na huingia mfukoni. Wiki za kwanza mate humtoka mtu na taya huuma asubuhi. Baada ya miaka, meno yanaweza kuhama na namna ya kuuma ikabadilika, hivyo daktari wa meno lazima akuone mara kwa mara.

*Gharama na upatikanaji.* Kinachofaa hutengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako na husogezwa hatua kwa hatua. Vile vya kuchemsha kwa maji moto na kung'ata, vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, hulegea na haviwezi kurekebishwa sawasawa. Kikwazo kikubwa Afrika Mashariki si bei peke yake bali kumpata daktari wa meno aliyejifunza kazi hii. Muulize moja kwa moja: ameshavitengeneza vingapi, na je, atakurudisha kwa kipimo cha usingizi kikiwa mdomoni?

*Humfaa nani.* Mwenye hali ndogo au ya wastani, na yule wa hali kali aliyeshindwa kabisa na mashine. Hakimfai mwenye meno machache, meno yanayotikisika, au meno ya bandia mdomo mzima.

Kupunguza uzito, na sindano mpya

*Nguvu yake.* Mafuta hujaa hata kwenye ulimi na kuta za koo, ndiyo maana uzito una nguvu. Utafiti wa muda mrefu wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba aliyepungua asilimia 10 ya uzito AHI yake ilitarajiwa kushuka kwa takriban asilimia 26, na aliyeongezeka asilimia 10 ilipanda kwa takriban asilimia 32. Desemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya mara moja kwa wiki, kwa watu wazima wenye unene na apnea ya wastani au kali. Katika majaribio yake, baada ya wiki 52, AHI ilishuka kwa wastani wa mara 25 hadi 29 kwa saa, dhidi ya kama 5 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni nao hushusha AHI sana, ila wengi hubaki na kiasi fulani.

*Usiku hadi usiku.* Huvai kitu, na faida huenda hadi kwenye kisukari, magoti na presha. Shida ni kwamba inachukua miezi, na katika miezi hiyo koo bado linaziba. Uzito ukirudi, apnea hurudi nao.

*Gharama na upatikanaji.* Kubadili chakula na kutembea kila jioni hakuhitaji bima. Sindano ni ghali na hutakiwa kuendelea, kwa kuwa wanaoiacha wengi huongezeka tena. Kichefuchefu na kuharisha ni vya kawaida mwanzoni. Usiinunue kwa mtu wa WhatsApp: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia, dawa iliyo karibu nayo, iliyokutwa katika nchi kadhaa.

*Humfaa nani.* Mwenye uzito mkubwa, karibu kila mara pamoja na tiba nyingine. Na naomba hili lisikike vizuri: wapo watu wembamba wenye apnea kali, kwa sababu ya taya dogo au mafindofindo makubwa. Kumwambia mtu huyo apunguze kula ni kumdhulumu.

Upasuaji

Neno hili moja lina mambo mengi tofauti ndani yake. Kwa mtoto, kuondoa mafindofindo na nyama za pua ndiyo tiba ya kwanza mara nyingi. Utafiti wa 2013 kwa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 ulionyesha vipimo kurudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa mapema, dhidi ya asilimia 46 ya waliosubiri.

*Nguvu yake* kwa mtu mzima hutegemea kabisa mahali panapoziba. Mwenye mafindofindo makubwa anaweza kupona sana. Kupunguza kaakaa laini na kimeo hupunguza kukoroma kuliko kunavyopunguza apnea, na matokeo ni vigumu kuyatabiri. Kusogeza mataya yote mawili mbele kuna nguvu kubwa, lakini ni upasuaji mzito. Kipo pia kichocheo cha neva ya ulimi, kinachopandikizwa kifuani chini ya mtulinga, mfupa ulio kati ya shingo na bega, na kuwashwa kwa rimoti wakati wa kulala. Marekani ilikiidhinisha 2014, na katika jaribio la watu 126 AHI ya katikati ilishuka kutoka 29.3 hadi 9.0 kwa mwaka mmoja.

*Usiku hadi usiku* faida yake ni dhahiri: isipokuwa hicho kichocheo, hakuna cha kuvaa wala kuwasha. Maumivu ya koo baada ya upasuaji wa kaakaa ni makali kwa wiki moja hadi mbili.

*Gharama na upatikanaji.* Mafindofindo huondolewa katika hospitali nyingi za rufaa. Upasuaji wa taya unahitaji timu maalumu. Kichocheo hugharimu makumi ya maelfu ya dola na kwa mtu wa huku bado ni cha mbali.

*Humfaa nani.* Aliyechunguzwa na daktari wa masikio, pua na koo, ikaonekana kitu bayana kinachoziba. Kukatwa kimeo na mganga, desturi ambayo bado ipo sehemu za Tanzania na Kenya, si upasuaji huu wala si tiba ya apnea. Huleta kutokwa damu na maambukizi. Na upasuaji wowote uufanyao, hata wa goti, mweleze daktari wa nusukaputi kwamba pumzi zako hukatika usingizini.

Kulala ubavu na mazoezi ya koo

*Nguvu* yake hutoka kwenye ripoti: kama AHI yako ya chali ni maradufu ya ile ya ubavu, au zaidi, kulala ubavu kunaweza kutosha kwa hali ndogo. *Usiku hadi usiku*, mto mgongoni au mpira wa tenisi ulioshonewa nyuma ya fulana hufanya kazi, ila wengi huacha. *Gharama* ni karibu bure. Mazoezi ya ulimi na koo nayo husaidia kiasi. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walionyesha hivyo hata kwa kupuliza didgeridoo, ingawa walikuwa watu 25 tu. *Humfaa* mwenye hali ndogo, na kila mtu mwingine kama nyongeza. Pombe ya jioni na vidonge vya usingizi huharibu kazi ya tiba zote hizi.

Kwa hali yako

Unaendesha lori, basi au bodaboda na umewahi kusinzia usukani: anza na mashine, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi usiku wa leo. Mengine yatafuata. Hadi usingizi wa mchana uishe, usukani mwachie mwingine.

AHI yako ni 12, meno yako mazima, na unasafiri vijijini kila wiki: kifaa cha meno kinastahili kuzungumzwa kwanza, pamoja na kulala ubavu.

AHI ni 45, uzito mkubwa, presha haishuki: mashine sasa, na mpango wa uzito ukianza siku hiyohiyo. Uzito ukishashuka, pimwa upya kabla ya kuiacha mashine.

Ulipewa mashine ukaiweka kabatini: kabla ya kutafuta kisu, jaribu barakoa ya aina nyingine na umwombe fundi wa mashine akague shinikizo na uvujaji. Mashine nyingi huhifadhi kumbukumbu za kila usiku. Nenda nayo kliniki. Ukishindwa baada ya hapo, ndipo kifaa cha meno na daktari wa koo wanapoingia.

Mtoto wako anakoroma, analala mdomo wazi, anajikojolea tena au hatulii darasani: daktari wa masikio, pua na koo, bila kusubiri akue.

Huna uwezo wa mashine kwa sasa: lala ubavu, inua kichwa cha kitanda, acha pombe na vidonge vya usingizi, tibu pua iliyoziba, anza na uzito. Kama hali ni kali, haya hayatoshi. Uliza hospitali kama wana mashine za kukodisha au kulipa kidogokidogo.

Na kama umeshachagua kifaa cha meno, uzito au upasuaji, na mwenzako anasema sasa unalala kimya: rudia kipimo cha usingizi baada ya miezi kama mitatu, kwa upasuaji baada ya kidonda kupona kabisa. Kukoroma kunaweza kwisha huku pumzi bado zinakatika, na kwa kusikiliza tu hakuna atakayejua.